Meza ya Majina

Jumamosi ya pili ya Julai, Glentarvit, Karolina Kaskazini,
fundi matairi anavaa sketi ya mirabaraba
na hakuna anayemcheka.
Daktari wa meno amekumbatia gogo refu kama nguzo ya simu,
anayumba nalo, mashavu yamemvimba,
analirusha. Linaanguka kombo.
Tunapiga makofi kana kwamba limetua sawa.

Mimi niko hemani, kazi yangu ni daftari.
Mtu hutaja jina, nami humtajia ukoo,
rangi za shuka lake, bonde walikotoka wazee wake,
bonde ambalo mimi mwenyewe sijalikanyaga.
Babu ya babu yangu alifukuzwa huko kupisha kondoo.
Hadithi hiyo tunaila kila mwaka
pamoja na tumbo la kondoo lililoshindiliwa shayiri,
ambalo watoto hulitema chini ya meza.

Zumari la kiriba liliguna kwanza, kama ng'ombe aliyeamshwa,
halafu likapata sauti.
Ndipo akaja, mwanamke mweusi wa makamo,
kofia ya kanisani, mwavuli wa kuzuia jua.
"Jina?"
"Verlene McIlwain."
Nilimtazama mara mbili. Naiandika hapa aibu hiyo.
"La mume?"
"La baba. Na la babu yake."

Akatoa mkobani nakala ya karatasi ya mahakama,
wino wa mwaka 1841:
nyumbu wawili, jembe la kukokotwa, Phillis,
mtoto wa Phillis, kitanda cha manyoya.
Chini, sahihi ya mwenye mali,
herufi ya mwisho imekunjwa mkia
kama ninavyoikunja mimi.

Mkataa kwao mtumwa, husemwa.
Na aliyenyang'anywa kwao,
akabandikwa kwetu?

"Phillis alisali kwa Kigaeli," akasema,
"ndiyo lugha aliyoikuta jikoni.
Kwetu limebaki neno moja."
Akalitamka, taratibu, kama mtu anayepuliza chai.
Mimi, mwenye daftari, sikulijua.

Safu ya tatu inauliza: bonde la asili.
Kalamu ikasimama.
Nikaligeuza daftari, nikamsukumia.
Akaandika Phillis, peke yake, bila ukoo,
kwa herufi zilizovuka mistari yangu yote,
kisha akauliza bei ya shuka.
"Chukua tu," nikasema.
Akahesabu dola arobaini, moja moja,
akaziweka juu ya jina la babu yangu.

Jioni mvua ilinyesha kidogo, ikakoma.
Mienge ikawashwa, spika ikaanza kuita koo,
ikakoroma, ikaita: McIlwain!
Tukatoka wawili, kila mmoja upande wake wa uwanja,
nyasi zimelowa, viatu vyangu vinateleza.

Yeye alifika kwanza.