Konokono wa Bogumiła

Miaka thelathini na mmoja, mashine za kufuma za Łódź
zilinguruma masikioni mwa Bogumiła
mpaka nyuzi zikakatika, si zile za pamba:
vinyweleo vya ndani, vilivyosimama majini
kwenye gamba la konokono wa sikio
kama nyasi za mtoni, vikiinamia kila neno.
Nyasi hizo zikilala, hazisimami tena.

Nyundo bado yagonga fuawe,
fuawe yatikisa kikuku,
hodi zapigwa kama kawaida;
ndani hakuna wa kusema karibu.

Kiwandani walisomana midomo,
wakasengenyana bila sauti ng'ambo ya kelele.
Ufundi huo ulimtosha nyumbani
hadi Zenon, mumewe, alipofuga masharubu.

Basi akakubali. Daktari alitoboa mfupa nyuma ya sikio,
akapitisha uzi mwembamba kuliko wowote aliowahi kuufunga,
akauzungusha na konokono, pole pole,
uuamshe mshipa wa fahamu kwa umeme.

Walipowasha, mwezi baadaye,
kila sauti ilikuwa vijiko ndani ya sufuria.
Zenon alikuwa bata kwenye bomba.
Akalia. Akataka kukivua kile kifaa.
Wakamwambia: subiri, ubongo nao ni mfumaji,
mpe muda; zamani alikuwa na nyuzi maelfu,
sasa ana ishirini na mbili.
Akasubiri, akirudia: birika. Mvua. Birika.

Mwezi Machi, mezani, macho yake kwenye gazeti,
alisema: "Zenon, unafyonza supu."
Zenon akakishusha kijiko
kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.