Mlango wa Jikoni

Waliponiuliza, "Bi Nyevu, ulipitia wapi?"
nilikuwa nimekalia kiti
ambacho mguu wake mmoja niliugongea msumari mwenyewe
mwaka ule wa njaa, muhula wa pili,
na bado ulikuwa unacheza.

Walikuwa watano. Mwenyekiti wa bodi,
katekista, mzee Kahindi wa upande wa wazazi,
bibi mmoja kutoka ofisi ya elimu, Malindi mjini,
miwani yake imening'inia kwa uzi mwekundu,
na kijana wa hesabu aliyekuwa akichungulia simu.
Mezani faili nne.
Yangu ndiyo nyembamba.

Wenzangu watatu walipita barabara kuu:
chuo, darasa, unaibu,
kila kituo na mhuri wake.
Siwabezi.
Ila aliyepita kwenye lami haulizwi
viatu vyake vimetakata vipi.

Mimi nilipita jikoni.

Nilianzia hapa hapa Ganda, kwa sufuria mbili
na mwiko ulionizidi kimo.
Watoto mia tatu na kumi na saba.
Hakuna aliyenipa hesabu hiyo;
nilihesabu sahani zilizorudi,
na iliyorudi na chakula
nilimjua mwenyewe, nikajua na kinachomuuma.
Siku moja zikapungua arubaini.
Daftari la mwalimu mkuu lasema wote wapo.
Nilifunga kanga kiunoni, nikaenda timboni,
nikawakuta wamejipanga na mawe vichwani,
nyusi nyeupe kama za vikongwe.
Niliwarudisha. Pure ilikuwa imepoa.
Wakaila hivyo hivyo.

Kisha stoo.
Kisha funguo za stoo, ambazo ni jambo jingine kabisa,
maana aliyezishika kabla yangu
aliondoka usiku na magunia sita.
Karani Baya, ambaye hakuwa na baya hata moja,
alinichorea leja kwa rula iliyovunjika:
huku kinachoingia, huku kinachotoka.
"Na kinachobaki chini ya mstari," akasema,
"ndicho jina lako."
Nilifuta na kuandika, nikafuta,
mpaka karatasi ikatoboka.

Cheti cha usimamizi nilikisomea Jumamosi,
miaka mitano badala ya miwili,
kwani ada ya mwanangu
ilipiga hodi kabla ya yangu kila mara.
Kitabu cha sheria nilikijalidi kwa mfuko wa unga.
Kinanuka vitunguu hadi leo.
Nilikariri nikichagua mchele:
jiwe, kifungu, chuya,
kifungu, jiwe.

"Lakini," akasema yule kijana wa hesabu,
"shule si sufuria."

Nikatafuta jibu la kisomi. Nilikuwa nalo,
nimelala nalo wiki nzima.
Kengele ikalia.
Nusu saa kabla ya wakati,
na hapana aliyeshtuka ila mimi.
Nikasema, "Niwieni radhi. Kuni zimekwisha.
Mpishi anataka kupakua kabla moto haujazimika,
na maharagwe hayajaiva."
Nikainuka katikati ya usaili.
Kiti kikaachia mguu.

Niliporudi, masizi hadi kiwikoni
na harufu ya moshi mbele yangu,
mwenyekiti alikuwa akitazama saa.
Yule bibi alikuwa amepiga magoti sakafuni,
miwani machoni, mguu wa kiti mkononi.
"Msumari huu," akauliza, "ulitoka fungu gani?"
"Ukarabati. Nusu kilo, shilingi sabini.
Risiti iko faili ya kijani,
imekunjwa kwa sababu ilinyeshewa."
Hakutabasamu. Aliandika kitu,
kirefu kuliko jibu langu.

Mzee Kahindi akaniuliza kama kuni zilipatikana.
Nikamwambia nimevunja dawati bovu,
lile la namba hamsini na mbili,
na kwamba nitaliandikia maelezo.

Barua haijafika.
Siku ya kumi na tisa leo, na ni Jumapili.
Nimeloweka maharagwe.