Nukta Mbili Ukutani

Saa nne usiku, Pasua. Ndeshi amemaliza kupiga pasi sare za kesho,
mimi nafunga mkanda.
Kiti kilikuwa cha Korona iliyougonga mti kule Kikavu.
Dashibodi ni mlango wa friji, nimeutoboa mwenyewe
kwa drili ya dukani, matundu kumi na tisa;
moja limekwenda upande, basi, ndilo la taa ya magurudumu.

Ndege ni mpya. Hajairusha mtu ila aliyeichora,
kijana nisiyemjua sura, naye ameniambia
niitese. Ndiyo kazi.
Wengine watapanda kesho kutwa, watazame mawingu,
mimi natakiwa niiangushe kwanza
nijue inaangukaje.

Injini ya kwanza imeshika. Ya pili imeshika
kwa kukohoa, kama pikipiki ya mzee Kundaeli asubuhi ya Julai.
Naliandika hilo katika daftari la madeni,
kati ya gesi ya friji ya Mama Eliawony
na kompresa ambayo haijalipiwa tangu Pasaka.

"Mnara," naita.
Nyuma ya pazia, kitandani, Aikande, miaka saba:
"Ruka. Lakini usipige kelele."

Moshi yao haijaisha.
Haina soko, haina reli, haina mnara wa saa.
Pasua ni pori la miti ya aina moja,
miti ya nchi za watu, imechongoka kama penseli,
na hapa penyewe, nilipokaa nikiirusha,
pamesimama mti mmoja. Nimezunguka mara mbili
kuutazama.

Kibo wameiweka. Ila theluji wameipakua
kama wali wa harusi; hawana habari
kwamba siku hizi tunahesabu mabaka.

Futi elfu kumi na moja, naelekea magharibi.
Nazima injini ya kulia, makusudi.
Pua inageukia mlimani
kama ng'ombe aliyesikia harufu ya zizi.
Nakanyaga mguu wa kushoto, nakanyaga,
ndara inakatika, nakanyaga kwa kisigino,
na polepole, kwa kinyongo, inanyooka.
Nasema asante. Sijui namwambia nani.

Ndipo luku inapolia.

Sifuri nukta mbili. Pasi!
Tani kumi na nane za mafuta mabawani,
nukta mbili ukutani,
na injini moja.

Nashuka. Naipindua huku na huku, nafuta mwendo,
ishirini na saba iko mbele, nyembamba kama uzi wa kitambaa.
Magurudumu: taa ya tundu la upande inawaka.
"Mnara?"
Mnara umelala, mdomo wazi.
Taa mbili nyekundu, mbili nyeupe, sawasawa, usiiguse,
futi mia nne,
mia tatu,
mia mbili

giza.

Feni ya kompyuta inajizungusha kidogo, inaacha.
Friji tatu za wateja zinanyamaza kwa pamoja.
Mikono yangu bado imeshika usukani,
na mguu wa kushoto bado unakanyaga.

"Mmetua?" Ndeshi, kwa sauti ya usingizi.
"Bado. Futi mia mbili."
"Basi shukeni taratibu."
Akageukia ukutani.

Nimenunua uniti kwa simu. Tarakimu ishirini,
tochi mdomoni, pekupeku kwenye saruji.
Mara ya kwanza imekataa. Nane niliiona tatu.
Kabla ya kurudia nimefungua daftari
nisije nikasahau:

Safari ya tano. Kwa injini moja inastahimili.
Ya pili inakohoa ikiwa baridi.
Usukani mzito kulia.
Kutua: haijulikani.
Theluji ipunguzwe.
Mti wa Pasua uondolewe. Hapo wamelala watu.