Mlango wa Kumi na Saba

Ozurgeti, saa nane za usiku, mvua.
Mvua ya huku haina hodi wala kwaheri,
hukaa tu, kama mgeni aliyesahau kwao.
Niko chini, chumba cha mitambo, hospitali ya wilaya,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
kompyuta mapajani, waya wa buluu
umeingia ubavuni mwa swichi mpya.

Milango arobaini na minane.
Yote imefumba macho.

Swichi huzaliwa haijui kitu.
Sharti uiambie: nyuma ya mlango wa kwanza
yuko Tsiala wa mapokezi na printa yake inayokohoa,
mpe gigabiti moja, usimwonyeshe mambo ya maabara.
Wa pili ni wa eksirei.
Wa tatu hauna mtu. Ufunge:
mlango usio na mwenyewe ni wa mwizi.
Naandika, nabonyeza, taa inapepesa
rangi ya machungwa, inasita,
kisha kijani.
Sijapata kuichoka kijani hiyo.

Badri alistaafu mwezi wa Machi,
akaenda kukaa kwa bintiye Thesaloniki.
Aliniachia funguo, birika,
na swichi kuukuu yenye vumbi la miaka kumi na tisa.
Milango yake aliiacha bila majina,
isipokuwa mmoja. Wa kumi na saba aliuandikia:
*megabiti kumi, kwa zamu, usiguse.*

Nilicheka peke yangu.
Megabiti kumi! Na nani bado anasema kwa zamu,
huyu akinena yule ameziba mdomo,
siku hizi ambapo kila waya
unasema na kusikia kwa pumzi moja?
Nikaikusanya, kumi na saba hadi ishirini na nne,
nikaipa yote amri moja: gigabiti, pande zote mbili.
Saba zikawaka.
Moja ikabaki giza.
Nikasema, basi huku hakuna mtu,
nikaufunga.

Saa moja kasorobo Mzevinari akashuka,
ndara zimelowa, hakunisalimu.
"Saa imekufa."
Saa gani?
"Ile nyekundu ya ukutani, chumba cha dialisisi.
Inaonyesha vistari vinne tu.
Mzee Otia ameshaunganishwa na mashine
na ananiuliza amebakiza muda gani."
Nikataka kusema, simu si anayo?
Akanijibu kabla sijafungua kinywa:
mkono mmoja una sindano mbili,
damu inatoka kwa hii inarudi kwa ile;
mkono wa pili ameshika wa mkewe.

Nikarudi kwenye ndoo yangu.
Kumi na saba. Fungua.
Megabiti kumi.
Kwa zamu.
Vidole vyangu viliona haya kuliko uso.
Nikahesabu hadi tisa, na taa ikaja,
kijani iliyofifia, ya kikongwe
anayeamka kwa kujishika kitanda.

Hapo nikaandika jina,
nafasi ni ndogo, herufi zinahesabiwa:
*saa ya dialisisi, haijui haraka.*
Kisha nikahifadhi. Umeme wa hapa una hasira za ghafla,
na swichi usiyoiambia "kumbuka"
huamka asubuhi mtoto mchanga.
Ule wa tatu nao nikaufungua tena,
nikaubandika karatasi: *nimuulize Badri.*

Nilipanda ngazi kwenda kuiona mwenyewe.
Tarakimu nyekundu, kubwa, zimerudi kazini.
Otia hakugeuza shingo.
"Wewe ndiye wa mitambo?"
Ndiye.
"Iko nyuma kwa dakika mbili.
Nilimwambia Badri, miaka sita nilimwambia.
Dakika mbili, kijana, ukiwa hapa, ni nyingi."

Mkewe akatabasamu, akatazama dirisha.
Mimi nikashuka tena.