Bomba Lisilolia

Mimi kazi yangu ni kufunua kurasa.
Siimbi. Nilijaribu besi, Mwalimu Sikazwe akaniangalia
kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai,
akasema: Wewe kaa pale kwa Nsajigwa.
Nikakaa, kushotoni mwa kinanda,
mahali ambapo sauti hupita miguuni kabla ya masikioni.

Kanisa letu, hapa Kurasini, limepakana na makontena.
Hewa ya bandarini imekula bati, imekula bawaba,
ikapanda roshani ya waimbaji
ikayakuta mabomba yamepangwa kwa kimo
kama watoto wa kipaimara,
ikayalamba moja moja.
Yote yanalia bado, isipokuwa moja.
Nyigu walijenga humo mwaka ule wa mafuriko,
na fundi aliyejua kulishusha
alikwenda Songea kwenye msiba, simu yake haipatikani.

Sasa, ile zaburi ya vilindini:
kurasa kumi na moja, kivuli cha kivuli,
nota nyingine zimekolezwa upya kwa kalamu ya biki.
Ukurasa wa saba, mstari wa tatu,
sauti zote nne hunyamaza
na kinanda peke yake hushika nota moja, mapigo manne.
Nota hiyo ni la.
Na la, kwetu sisi, ni neno la kukataa.

Miaka sita Aikande aliliziba pengo hilo.
Hakuna aliyemwagiza. Mhasibu wa bohari ya mbolea,
sauti ya pili, safu ya nyuma, kandambili mkobani.
Nsajigwa alibonyeza, ubao ukagonga ubao,
na pale upepo ulipokosa mlango
Aikande alifumba midomo akaitoa, mmm,
hata wageni wakakisifu kinanda.

Arobaini yake ilikuwa Jumanne.
Ijumaa, mazoezini, Mwalimu akasema: Hicho kipande turuke.
Nsajigwa hakujibu. Alivua viatu, kama siku zote,
akavisukuma chini ya benchi, akaanza.

Ukurasa wa saba.
Mstari wa tatu.
Kidole kikashuka. Tok.
Pigo la kwanza: feni.
Pigo la pili: honi ya meli gatini, chini mno, si yetu.
Pigo la tatu
sijui nani alinituma.
Nilifungua kinywa hiki kilichokataliwa na besi,
na kilichotoka hakikuwa la, Mungu ananiona,
kilikuwa jirani yake, aliyekuja kuomba chumvi.

Hakuna aliyecheka.
Nsajigwa aliinua nyusi: juu kidogo.
Nikapanda.
Soprano wakaingia, wakanikanyaga
kama watu wanavyokanyaga ngazi ya nyumbani kwao,
bila kuitazama.

Nikasahau kufunua ukurasa.
Akaendelea hivyo hivyo, kwa kichwa,
mkono wangu ukiwa hewani.