Desemba Wanakuuzia Mlima

Tarehe ishirini na mbili magari ya Dar yalishaanza kupanda,
na Msifuni dalali, shati limenyooka kuliko maneno yake,
akatufikisha Msaranga kwa bajaji niliyolipa mimi.
Elfu ishirini ya kuonyeshwa, mimi pia.
Akafungua dirisha la sebuleni kama anayefunua chungu:
"Mama Aikande, tazama mwenyewe."
Kibo ilikuwa pale, nzima, imekaa dirishani
kama picha ya harusi.

Anaeli, mume wangu, alinyamaza.
Nikamjua: keshahamia.

"Kuna mtu wa Tegeta," Msifuni akasema,
"kesho saa nne analeta taslimu.
Nawapenda, ndiyo maana nawaambia."
Huyo mtu wa Tegeta nimemsikia mara tatu mwezi huu.
Aliitaka ya Pasua, akaitaka ya Longuo,
sijui analala saa ngapi.

Mimi ni fundi cherehani, Kiboriloni, miaka kumi na tisa.
Gauni silitazami usoni. Naligeuza.
Uongo wa nguo hukaa kwenye mshono wa ndani.
Basi nikauacha mlima na wanaume wake,
nikazunguka nyuma.
Rangi mpya, lakini kuanzia chini hadi kiunoni tu.
Ng'ambo ya ua, ukuta wa jirani haukupakwa kitu:
mstari wa tope ulikuwa umenyooka kama pindo,
futi mbili na inchi tatu. Nilipima; futikamba huwa shingoni.
Mtoto aliyekuwa anachezea ndoo akanitazama.
"Mvua ikija mnafanyaje?"
"Tunaenda kwa bibi."

Milioni thelathini na nane si hela, ni sare za shule,
kola moja moja, Januari baada ya Januari,
ni kikoba cha Jumamosi,
ni macho yangu, ambayo sasa yanataka miwani kutunga uzi.
Nikasema, "Tutarudi masika."
Msifuni akacheka hadi akakaa kwenye ndoo.
"Masika? Nani ananunua nyumba masika?"

Ikauzwa kabla ya Krismasi. Kumbe mtu wa Tegeta alikuwapo.
Anaeli alikula, akasema asante, basi,
hadi Mwaka Mpya.

Aprili nikavaa mabuti ya mpira.
Mlima ulikuwa umeingia mawinguni, hakuna aliyeweza kuuuza.
Zilibaki nyumba tu,
zinavuja mbele yangu bila aibu.
Sasa simu ya Msifuni ndiyo iliyonitafuta:
"Mama, uko wapi? Mama, hata kesho."
Nyumba saba. Moja, choo kilikuwa kinarudisha.
Moja, tulishindwa kuifikia.
Ya saba, Rau: bati lina kutu, mlango unakwaruza sakafu,
ila maji yalishuka, yakapinda, yakaenda zake
bila kugusa msingi.
Nilisimama saa nzima na mwavuli nikiyatazama.

Ardhi walinionyesha ramani, bikoni nne.
Nikazitafuta majanini, nikapata tatu.
Ya nne ilikuwa chini ya banda la kuku la jirani;
tuliongea naye hadi kuku wakahama.
Kisha nikasema sitoi hata senti
mpaka mke wa muuzaji asaini mbele yangu.
Alikuja, mikono ina unga, akaisoma karatasi yote,
akamgeukia mumewe:
"Huo mlango unakwaruza tangu tuhamie. Wapunguzie."

Dirisha la sebuleni linatazama tenki la jirani.
Kibo huonekana ukienda kumwaga taka,
kipande tu, kati ya migomba na nguzo ya umeme.
Anaeli siku hizi humwaga taka yeye,
asubuhi, na tena jioni,
mara nyingi kuliko taka tulizo nazo.