Uchakavu wa Tulizo

Mama, lete risiti.
Zote. Hata ile uliyofungia ugoro,
hata ile iliyolowa maziwa ikakauka
ngumu kama ulimi wa kiatu.

Umeme umekatika Pongwe nzima,
naandika kwa mwanga wa simu.
Pumba, magunia kumi na mawili: gharama.
Mashudu ya nazi, ya yule Mdigo wa Duga
anayepima kwa debe lililobonyea: gharama.
Dawa ya kupe. Kamba. Mabati manne ya banda
baada ya upepo kuyapeleka yale ya kwanza
hadi migombani kwa kina Shekalaghe.
Gharama, Mama. Zote tunazitoa kwanza,
ndipo mtu wa kodi aulize kilichobaki.

Unacheka.
Mwaka mzima nalia hasara, unasema,
kumbe nilikuwa najikinga mvua?

Kisha hucheki.
Babu yako mzaa mama alitolewa mtamba zizini, kule Magila,
kwa kodi ya kichwa. Kichwa kimoja, mtamba mmoja.
Mwaka uliofuata hapakuwa na mtamba,
akakipeleka kichwa chenyewe kwenye mkonge.
Alirudi na vidole saba.

Daftari langu halina safu ya vidole.
Nafungua ukurasa mwingine.

Sasa Tulizo.
Kitu cha kazi huchakaa, ndivyo tulivyofundishwa chuoni:
pampu huchakaa, baiskeli ya kubebea madumu huchakaa,
na ng'ombe wa maziwa vilevile.
Kila mwaka tunakata kipande cha bei yake,
na kile kipande kinatupunguzia.
Mwaka huu ni kipande cha mwisho.
Naandika: Tulizo. Thamani iliyobaki, sifuri.

Nani sifuri?

Umesimama. Sijakuona umesimama hivyo
tangu karani wa maziwa alipotaka kukupunja lita mbili.
Aliyekulipia kidato cha tano ni sifuri?
Aliyenunua hiyo kalkuleta?
Sifuri katoa lita tisa leo asubuhi.
Sifuri ana mimba, anakaribia.

Ni karatasini tu, Mama. Ni nafuu yetu.

Nina miaka sitini na mitatu, unasema.
Hebu nikokotoe na mimi.

Simu inaishiwa chaji. Sijibu.
Nakusikia uani ukikatakata mabingobingo gizani,
panga halikosei,
na unamwambia mtu, kwa sauti ya chini,
asisikilize maneno ya wasomi.

Wiki tatu baadaye tulimvuta ndama, wewe na mimi,
mikono imeteleza hadi viwiko,
Mbwana Shekalaghe akishika taa na kutoa ushauri usioombwa.
Jike. Jeusi, na doa jeupe la duara kwenye paji.

Nilileta daftari kabla sijanawa.
Bei ya kununulia: hakuna. Risiti: hakuna.
Aliyezaliwa hapa hapa hana cha kukatwa,
nikakueleza, hana pa kuanzia kuchakaa.
Ulitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeshinda kesi.

Jina?

Ulilitazama lile doa, ukanitazama mimi.
Andika Sifuri, ukasema.

Nikaandika.
Naye Sifuri akainuka, akaanguka,
akainuka tena kwa miguu minne inayotetemeka,
akaanza kutafuta chuchu
mahali ambapo haikuwepo.